Istilahi za Bahari Zinapopelekwa Ziwani: Uhakiki wa Majina ya Umbo la Chini ya Maji

1. Madhumuni

Madhumuni ya makala hii ni kuyapima majina ambayo wafasiri na watumishi wa serikali huyatumia wanapoandika kwa Kiswahili juu ya mambo yaliyo chini ya maji ya maziwa yetu, yaani kina, miinuko, miteremko, miamba, tope na mchanga, pamoja na matabaka ya maji yenyewe. Hatukuuchagua uwanja huu kwa sababu ya uhaba wa istilahi. Kinyume chake, maneno yake ni mengi na ni mazuri. Taabu yake ni kwamba karibu yote yalizaliwa baharini, nasi tumekuwa tukiyapeleka ziwani bila kwanza kuyauliza yanachukua maana gani yafikapo huko.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Mvuvi hauoni uwanja wake wa kazi. Aujua kwa kamba, kwa chubwi, kwa uzito wa wavu na kwa maneno aliyofundishwa na waliomtangulia. Serikali nayo humfikia kwa maneno: tangazo, kanuni, somo la bwana samaki, maelezo ya chombo kipya cha kupimia kina kwa mwangwi. Neno likipotoka, wavu hutegwa pasipofaa, au mtu hushtakiwa kwa kuvua mahali ambapo hakujua kuwa ndipo palipokatazwa. Tena tangu mwaka 2021, ilipopitishwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka huo, Kiswahili ndicho lugha ya sheria za Tanzania. Kwa hiyo Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na Kanuni zake za mwaka 2009, na nyingine zitakazofuata, hazina budi kusomeka kwa lugha hii kwa usahihi uleule unaotakiwa mahakamani.

2. Asili ya taabu hii

Sote twajua kwamba mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kwamba Kamati iliyoanzishwa mwaka 1930 iliijenga kazi yake juu ya msingi huo. Kiunguja ni lugha ya kisiwa. Maji yanayozungumzwa humo ni maji ya chumvi, yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku, yenye bamvua na maji mafu, yenye pepo za kusi na kaskazi. Hatulaumu uchaguzi huo. Twasema tu kwamba msamiati wa bahari uliingia katika Kiswahili Sanifu pamoja na msingi wenyewe, na hata leo mfasiri aketiye ofisini Dar es Salaam, akitafuta neno la kitu kilichomo majini, mkono wake huangukia kwanza neno la pwani.

Lakini maziwa yetu si bahari ndogo. Ziwa Viktoria ni pana sana, lakini kina chake kirefu kabisa ni kama mita 80 tu, na wastani wake ni kama mita 40. Ziwa Tanganyika ni jembamba, nalo lina kina cha karibu mita 1,470, likiwa la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal. Ziwa Nyasa lina kina cha mita 700 hivi. Maji ya maziwa haya hayapwi wala hayajai kwa saa zinazojulikana. Hupanda na kushuka kwa mvua na kwa miaka: Ziwa Viktoria lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya mwaka 1961 na 1964, na mwaka 2020 likapanda tena hata likafunika makazi na mashamba ya kando yake. Istilahi iliyotungwa kwa kutazama saa za maji ya bahari haiwezi kueleza mambo hayo bila ya kurekebishwa.

3. Kariakoo: mahali maneno yanapokutana

Kabla ya kuyakosoa maneno ya vitabuni, yafaa tulitazame soko, kwani soko limelitatua tatizo hili kwa kiasi fulani bila ya kamati yoyote. Katika mitaa ya Kariakoo wenyeji wa pwani na wenyeji wa maziwa huuziana. Atokaye Mwanza au Kigoma huja kununua kamba, ndoana, taa na nyavu; huku nyuma, samaki wakavu wa maziwa hushushwa mjini humo kwa magunia. Hapo mchuuzi asiyejua majina hapati faida.

Tutazame neno dagaa. Kwa msomaji wa kamusi hilo ni jina moja la samaki wadogo. Katika soko hilo halitoshi. Mnunuzi huulizwa: wa Mwanza, wa Kigoma, wa Nyasa, au wa baharini? Bei zao si moja, wala ladha, wala upikaji. Wataalamu wa samaki nao wangeunga mkono utaratibu huo: dagaa wa Kigoma ni wa jamaa moja na samaki wadogo wa baharini waendao kwa makundi, bali wale wa Mwanza na wale wa Nyasa, ambao wenyeji wa huko huwaita usipa, wako karibu zaidi na jamaa ya ningu. Kumbe soko, kwa kuongeza jina la maji tu, limegawa viumbe ambavyo neno moja la pwani lilikuwa limevifunga pamoja.

Soko halikuishia hapo. Limepokea sato na sangara kwa majina yaliyokuja nao kutoka ziwani, wala hakuna mpishi wa Dar es Salaam anayedai majina hayo yatafsiriwe. Nazo ofisi zimepokea mwalo, neno la ziwani la mahali mitumbwi inapopakulia samaki, ingawa pwani palikuwapo na neno diko. Leo mtumishi huandika "mialo" katika taarifa yake bila ya kulieleza. Zimepokea pia kokoro, ule wavu wa kukokota, ambao kwa jina la pwani ungeitwa juya: serikali ilipotaka kuukataza wavu huo, iliona hapana budi iuite kwa jina ambalo mwenye nao anaujua. Hapo pana kanuni nzima ya kazi yetu. Ukitaka kumkataza mtu jambo, liite kwa jina lake.

Ajabu ni kwamba tumelifanya hili kwa samaki, kwa nyavu na kwa mialo, yaani kwa vitu vyote vionekanavyo juu ya maji na mezani. Chini ya maji bado twatumia maneno ya Unguja.

4. Sentensi moja na makosa yake

Ili tusibaki katika maneno ya jumla, tumetunga sentensi ya mfano, ya namna ambayo mfasiri hodari aliyezaliwa au kusomea pwani angeweza kuiandika asubuhi moja bila ya wasiwasi:

"Ni marufuku kukokota nyavu juu ya sakafu ya pwani ya ziwa, hasa penye vipwa na kando ya maporomoko, hadi kufikia vilindi vya maji mafu."

Kisarufi sentensi hii haina dosari, na kila neno lake limo katika kamusi. Hata hivyo twaona kwamba maneno yake sita yanamdanganya mvuvi wa ziwani. Tuyachukue moja moja.

(a) Pwani. Neno hili limetoka katika kitenzi cha kupwa, pamoja na kiishio cha mahali. Maana yake ya asili ni mahali maji yanapopwa. Kwa ukingo wa ziwa halina msingi. Hata hivyo kosa lake si kubwa, kwa kuwa maana ya asili imekwisha kufifia, na wengi huitumia "pwani" kwa kingo yoyote ya maji. Ubaya wake ni mwingine: katika shughuli za serikali "Pwani" ni jina la mkoa, na "ukanda wa pwani" ni ukanda wa Bahari ya Hindi. Atakayeandika "wavuvi wa pwani" akikusudia wavuvi wa Musoma ataeleweka vibaya ofisini kabla ya kufika Musoma. Tunalo neno bora zaidi, nalo ni mwambao, litokalo katika kuambaa, yaani kwenda kando kando ya kitu. Chombo huambaa na nchi, iwe ya bahari au ya ziwa. Neno hili halitegemei chumvi wala saa za maji.

(b) Kipwa. Hapa kosa ni zito. Kipwa ni mwamba au fungu linaloonekana maji yapwapo na kufichika yajaapo. Neno hili, tofauti na "pwani", bado liko hai kwa maana yake yote. Nahodha wa jahazi akiambiwa kuna kipwa mbele, hujua kwamba kuna saa ya kupita na saa ya kutopita. Tukimpelekea mtu wa ziwani neno hilo, au afisa aliyekulia Tanga akahamishiwa Bukoba, tunampa ahadi isiyo ya kweli, kwamba angoje mwamba utajionyesha. Mwamba wa ziwani hautajionyesha leo wala kesho. Huenda ulionekana miaka kadhaa iliyopita, ukafunikwa maji ya ziwa yalipopanda, na usionekane tena kwa miaka mingi. Jina lifaalo lazima liseme kwamba kitu kimefichika, si kwamba kitafichuka. Twapendekeza mwamba fiche, kwa mfano wa "maana fiche" ambayo walimu wa fasihi wameizoea, na pale ambapo si jiwe bali ni kilima cha ardhi chini ya maji, mwinuko fiche.

(c) Fungu. Neno hili halimo katika sentensi yetu, ila twalitaja kwa sababu ndilo ambalo mfasiri angepaswa kulitumia mahali pa "kipwa" kama alikusudia mchanga. Fungu la mchanga lajulikana sana pwani. Karibu na Dar es Salaam kipo kisiwa kiitwacho Fungu Yasini. Je, hili nalo si neno la bahari? Ni la bahari, lakini picha yake haikutoka katika kupwa kwa maji. Imetoka katika kitendo cha kurundika. Muuza nyanya Kariakoo hupanga mafungu juu ya mkeka, na muuza dagaa vivyo hivyo. Atakayesikia "fungu la mchanga" ziwani ataona rundo lililoinuka, na ndivyo lilivyo. Kwa kulinganisha kipwa na fungu tunapata kipimo cha kupimia maneno mengine: tuulize picha ya neno imetoka wapi, na kama chanzo cha picha hiyo kipo huko tunakolipeleka.

(d) Sakafu. Neno hili limeenea, hata twasoma "sakafu ya bahari" katika vitabu vya shule. Sakafu ni kazi ya waashi. Hutandazwa kwa chokaa au saruji, ikapigwa, ikawa sawa na ngumu. Kwa mwanafunzi anayechora ramani huenda lisimdhuru. Kwa mvuvi laficha lile hasa analotaka kujua, kwamba huko chini pana nini. Penye tope chubwi huzama, penye mchanga wavu huteleza, penye mawe wavu hukwama na kuchanika. Samaki nao hutofautiana kwa hayo. Sato dume huchimba kiota katika mchanga wa maji ya kina kifupi ili jike atage humo; ndiyo sababu kokoro, lipitalo juu ya mchanga huo huo, huharibu zaidi ya samaki linaowakamata. Mfasiri akiandika "sakafu", amewasawazishia wasomaji wake tope, mchanga na mawe yote kwa mwiko mmoja. Kheri aseme kwa uwazi: chini penye mchanga, chini penye tope, chini penye mawe. Kiswahili kina ngeli ya mahali iliyo tajiri. Si aibu kuitumia katika istilahi.

(e) Poromoko. Mfasiri alitaka kutaja mahali ambapo maji ya kina kifupi yanakoma ghafla na kina kirefu kuanza. Ziwa Tanganyika lina mahali pengi pa namna hiyo, ambapo hatua chache kutoka ukingoni huna tena pa kukanyaga. Lakini "maporomoko" katika lugha ya sasa ni maji yaangukayo kutoka juu, na msomaji atatafuta mto. Wengine wangependelea genge, neno la asili lenye maana ya ukingo wa shimo au wa mlima. Sisi twalipenda, ila twahofia Dar es Salaam, ambako genge ni mahali pa kununulia mchicha na bamia, na pia ni kundi la wahalifu. Twapendekeza ukingo wa kilindi. Lina maneno mawili, lakini yote mawili yajulikana, na linamwambia mvuvi jambo la kutenda: mpaka wako ni huu.

(f) Kilindi. Neno lenyewe ni zuri na lafaa kubaki. Linalohitaji kuangaliwa ni yale linayoyavuta nyuma yake. Kwa mtu wa pwani, kilindi ni mahali pa heshima: ndipo merikebu hupita salama, na ndipo atafutwapo samaki mkubwa. Ziwani mambo ni mengine. Katika Ziwa Tanganyika hewa ya oksijeni, ambayo samaki huivuta kwa matamvua, hupatikana katika maji ya juu tu: kiasi cha mita 100 upande wa kaskazini na kupita mita 200 upande wa kusini. Chini ya hapo, katika sehemu kubwa mno ya ziwa, hakuna samaki. Kwa hiyo sentensi iliyo kweli baharini, kwamba "samaki wakubwa wako kilindini", ikitafsiriwa kwa ajili ya Kigoma ni uwongo. Mfasiri ataje kina chenyewe kila anapoandika "kilindi", wala asiliache neno peke yake.

(g) Maji mafu. Hili ndilo tunaloliona la hatari kuliko yote, kwa sababu laonekana zuri mno. Chini ya Ziwa Viktoria, hasa katika miezi ya joto tangu Septemba hadi Aprili, maji hugawanyika: ya juu huwa vuguvugu na yana hewa, ya chini huwa na ubaridi zaidi na hukosa hewa. Pepo za kusini za Juni na Julai huyachanganya tena. Mara nyingine maji ya chini hupanda juu ghafla na samaki hufa kwa wingi. Mtu akitafuta jina la maji hayo yasiyo na uhai, "maji mafu" hujitokeza lenyewe. Lakini maji mafu tayari ni jina: pwani ni yale maji yasiyojaa sana wala kupwa sana, kinyume cha bamvua. Neno moja haliwezi kumaanisha Zanzibar siku za mwezi na Mwanza sumu ya samaki. Twapendekeza maji yaliyokosa hewa. Jina hili ni refu kidogo, lakini halimnyang'anyi mtu wa pwani neno lake.

5. Tabaka lisilo na jina, na mito iliyozama

Hoja hiyo yatuleta kwenye mpaka wenyewe kati ya maji ya juu na ya chini. Mpaka huo ni muhimu sana kwa mvuvi, maana wavu ukitegwa chini yake hurudi mtupu. Wafasiri wana njia tatu. Ya kwanza ni kulikopa jina la kigeni na kuliandika themoklaini. Hiyo itamfaa mtaalamu wa maabara. Ya pili ni kueleza kwa kirefu, "tabaka la mabadiliko ya halijoto", ambayo ni fasili, si jina. Ya tatu ni kutunga, na hapo tahadhari yahitajika. "Mpaka wa maji baridi" lisingefaa hata kidogo, kwa kuwa katika ofisi za uvuvi "maji baridi" ni maji yasiyo na chumvi, na msomaji angedhani twazungumzia mlango wa Mto Rufiji. Twapendekeza ukomo wa joto. Jina hili fupi lasema linalotokea, wala halina mwenyewe mwingine.

Mabwawa nayo yana haja zake. Ziwa la asili lilichimbwa na nguvu za dunia, bali bwawa ni nchi iliyofunikwa juzi. Katika Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 juu ya Mto Pangani, na katika Mtera, lililokamilika mwaka 1980 juu ya Ruaha Mkuu, chini ya maji kuna njia ya mto wa zamani na kuna miti iliyofia mahali iliposimama. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, limeongeza nchi nyingine ya namna hiyo. Mfasiri huandika "mkondo" kwa ile njia ya zamani. Lakini mkondo ni mwendo wa maji pia, na chini ya bwawa mwendo umekwisha, imebaki njia. Ni afadhali aseme njia ya mto uliozama, na visiki vizamio kwa ile miti inayochana nyavu, na neno mkondo aliache kwa maji yanayokwenda.

Kuhusu vipimo twasema machache. Mita ndiyo kipimo cha sheria, nayo ibaki. Lakini mvuvi hupima kamba kwa mikono miwili iliyonyoshwa, yaani kwa pima, na pima moja ni karibu mita 1.8. Tangazo linalosema "kina cha mita 40, yaani pima 22" halikupoteza kitu, na limemfikia mtu ambaye hana utepe wa kupimia.

6. Hoja ya kupinga, na jibu lake

Watakuwapo wasemao kwamba twajisumbua na asili za maneno, na kwamba lugha husonga mbele bila kuzikumbuka. Watatuonyesha jina la Kariakoo lenyewe. Asili yake ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi mahali hapo wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Leo nani aendaye Kariakoo kununua kitenge huwakumbuka wapagazi? Na nani amedhurika kwa kutowakumbuka?

Hoja hii ni ya nguvu, nasi twaikubali kwa sehemu. Neno likishakufa katika maana yake ya kwanza laweza kupewa kazi yoyote. Ndiyo maana hatukulikemea sana neno "pwani". Lakini kipwa na maji mafu hayajafa. Yanatumiwa leo na watu wanaotegemea maana yake kwa riziki na kwa usalama wao, na sheria moja ya nchi moja yawahusu watu wa Mafia na watu wa Ukerewe pamoja. Hakuna mpagazi anayengoja Kariakoo kumwambia wakati wa kubeba mzigo. Nahodha bado angoja kipwa.

Wengine watasema kwamba tukikusanya maneno ya kila ziwa tutavunja umoja wa lugha. Hatuoni hivyo. Utaratibu unaojulikana wa kuunda istilahi watutaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tutoke nje. Kwa utaratibu huo tulipata ikulu kutoka bara na ngeli kutoka Kihaya, na Taifa halikugawanyika. Wakerewe, Wajita, Wasukuma, Wahaya, Waha na watu wa mwambao wa Nyasa wameishi na maji hayo kwa karne nyingi. Ni vigumu kuamini kwamba hawana jina la mwinuko fiche au la ukingo wa kilindi. Mapendekezo yetu ya hapo juu na yahesabiwe kuwa ya muda, yakingoja majina hayo yakusanywe. Na lolote litakaloonekana kuwa limekwisha kuenea kutoka ziwa moja hadi jingine, kama lilivyoenea "mwalo", listahili kuyaondoa yetu.

7. Hitimisho na mapendekezo

Kwa kifupi, twapendekeza mambo manne. Kwanza, kila neno la bahari linalopelekwa ziwani lipimwe kwa swali lile tuliloonyesha katika fungu na kipwa: picha yake imetoka wapi, na chanzo chake kiko huko? Pili, Baraza, ambalo tangu kuundwa kwake mwaka 1967 limekuwa na jukumu la kusanifisha istilahi, lifikirie orodha ya pekee ya majina ya maji ya maziwa, na lisianzie katika kamusi bali katika mialo na katika masoko yanayopokea mzigo wa mialo hiyo. Tatu, walimu wa jiografia wasifundishe "sakafu ya ziwa" bila ya kuwauliza wanafunzi ni ya tope, ya mchanga au ya mawe. Nne, tangazo lolote la uvuvi lisomwe kwa sauti mbele ya wavuvi wawili wa ziwa linalohusika kabla ya kupigwa chapa.

Kwamba jambo hili lawezekana tumekwisha kuonyeshwa. Uvuvi uliposimamishwa katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana, watu walisikia kwamba ziwa linapumzishwa. Kupumzisha ziwa si istilahi iliyotoka maabara. Ni kama shamba linavyopumzishwa, na mkulima na mvuvi wote wawili wanajua kwamba kinachopumzishwa kitarudiwa. Usemi huo ulibeba amri ngumu, iliyogusa chakula cha maelfu ya nyumba, na ukaieleza sababu yake ndani ya maneno mawili.

Ile sentensi tuliyoikosoa basi twaiandika upya hivi, nasi twaiweka mbele ya wafasiri wenzetu waipime kwa kipimo kile kile:

"Ni marufuku kukokota nyavu katika maji ya mwambao wa ziwa, tangu ufukweni hadi ukingo wa kilindi, hasa chini penye mchanga na penye miamba fiche, kwa kuwa ndipo samaki wanapozalia. Kupita ukingo huo, chini ya ukomo wa joto, maji yamekosa hewa na samaki hawakai."

Ni ndefu kuliko ya kwanza. Lakini atakayeipata Kigoma au Ukerewe atajua asimame wapi na mtumbwi wake, na hakimu atakayeisoma baadaye atajua kama alisimama hapo au alipapita.